Orodha ya Licio Gelli

Msikilizaji, si kila habari ya chama cha siri ni porojo. Machi 1981, askari wa Italia walipekua ofisi ya Licio Gelli karibu na Arezzo, wakakuta orodha ya majina 962 ya loji ya Kimasoni aliyoiongoza, iitwayo P2: mawaziri, majenerali, wakuu wa ujasusi, hata mfanyabiashara Silvio Berlusconi. Serikali ya waziri mkuu Forlani ikaanguka.

Lakini Illuminati, chama cha siri cha Bavaria, waliopigwa marufuku miaka ya 1780, bado wanasingiziwa kila mapinduzi, kuanzia ya Ufaransa. Wanaowataja wana maneno tele, karatasi hawana. Ya Gelli ilikuwepo. Tume ya bunge chini ya Tina Anselmi ikaichambua, na mwaka 1982 sheria ikaivunja P2.