Kwa nini mapine yanakuja mbele katika hesabu yetu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mfadhili mmoja alituuliza: mbona pikipiki ya wagonjwa inabadilishiwa pine la nyuma wakati lile la zamani lina meno bado? Swali ni la haki. Komite iliona tulijibu mbele ya wote.

Sisi wa Walikale tunakumbuka Kilambo. Wakati kasiteriti ya Bisie ilikuwa inatoka kwa wingi, ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami. Magari yanasimama, ndege inashuka, inapakia magunia, inaruka kwenda Goma. Magunia yenyewe yalikuwa yamevuka pori kwa migongo ya watu, siku mbili za mguu mpaka Njingala. Ilikuwa vile mpaka Septemba 2010, rais aliposimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema.

Ndege ikigusa lami, moshi ulikuwa unatoka chini ya magurudumu. Wengine walisema ni breki. Hapana. Hewani gurudumu halizunguki. Linagusa chini kwa mbio ya zaidi ya kilometa 100 kwa saa, linakokotwa kwanza, kiisha ndiyo linaanza kuzunguka. Moshi ule ni mpira unaoungua. Njo maana maisha ya pine la ndege yanahesabiwa kwa kutua, si kwa miezi.

Na linatoka lini? Fundi anaangalia mifereji. Mfereji ukiisha mahali pamoja tu, hata kama sehemu zingine ni nzuri, pine linatoka. Nyuzi za ndani zikionekana, ndege hairuki. Halitupwi ovyo: mwili wake ukiwa mzima, kiwandani wanalivalisha mpira mpya na linarudi kazini. Katikati ikilika mbele ya pembeni, upepo ulizidi. Pembeni zikilika mbele, upepo ulipunguka, na hii ni mbaya kupita ile, kwa kuwa pine linajikunja na kupata moto ndani, mahali jicho halifiki. Ndege kubwa zinatiwa azote, hewa isiyolisha moto. Tena kuna vitu vya njiani: Julai 2000, kule Paris, kipande cha chuma kilipasua pine la Concorde ikianza kuruka, na watu 113 walikufa.

Sasa turudi kwa pikipiki yetu. Njia ya Masisi si lami, ni matope na mawe, na mara nyingi tunapakia mgonjwa, mlinzi wake na mfuko wa chakula. Pine la nyuma linalika katikati. Pembeni meno yanabaki marefu. Ukisimama mbali unaona pine nzuri.

Jumatatu moja tuliliona limekuwa laini katikati. Tulisema lingoje michango ya mwisho wa mwezi. Alhamisi usiku lilipasuka kwenye mteremko, na mama mwenye uchungu alikuwa nyuma. Mtoto alizaliwa kando ya njia, mvua ikinyesha, chini ya shitingi. Mama yupo, ni mwanachama, na alituruhusu kusema haya. Mtoto hakupona. Dereva hakukosa kitu. Ni sisi wa komite tuliochelewa.

Basi tuliamua hivi. Kila asubuhi, pine likiwa baridi bado, dereva anapima upepo na kupitisha kidole katikati. Akisema limeisha, limeisha. Mweka hazina hana neno la kuongeza. Makuta ya pine moja yanakaa pembeni siku zote, hata tukikosa ya karatasi na ya mikutano. Yaliyotoka tunauzia watu wa chukudu, wanayakata kuvalisha magurudumu yao ya mbao, na bei inaandikwa kwenye kitabu.

Lile lililopasuka hatukuliuza. Liko ofisini nyuma ya mlango. Mfadhili aliyeuliza, siku akifika, tutamwonyesha.