Kutunza Mifupa ya Kale: Kazi Inayostahili Mfuko Wetu wa Elimu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa ukoo, mchana wa siku ya pili)

Naishukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi hii, ingawa Katibu ameshaninong'oneza kwamba wali umeiva na nisizungumze kupita kiasi.

Nimetakiwa niwaeleze vijana juu ya kazi yangu. Wengi katika ukoo hujua tu kwamba "anafanya kazi na mifupa", na nasikia watoto wa Maskati huambiana kwamba shangazi yao wa Uingereza ni mlinzi wa makaburi. Mimi ni msimamizi wa mkusanyiko wa visukuku katika jumba la makumbusho la mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza. Visukuku ni mabaki ya wanyama na mimea ya zamani za zamani, yaliyofukiwa na tope au mchanga hata yakageuka mawe. Sivichimbi, na aghalabu siandiki vitabu juu yake. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kila kipande kina namba yake na mahali pake, kwamba hakiharibiki, na kwamba mtu atakayekuja baada ya miaka 100 atakikuta na atajua kilitoka wapi.

Hapo penye "kilitoka wapi" ndipo penye uzito wote. Mfupa usiojulikana ulitoka kijiji gani, katika tabaka gani la mwamba, mwaka gani na kwa mkono wa nani, hauna tofauti kubwa na jiwe lenye umbo la kupendeza. Zimo katika makabati yetu droo kadhaa za meno mazuri mno ya wanyama wa baharini ambayo vikaratasi vyake vilipotea kabla sijazaliwa. Twayatumia kuwaonyesha watoto wa shule. Hakuna mtaalamu anayeweza kuyajengea hoja. Ndiyo maana miaka yangu mitatu ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, niliimaliza nikinakili madaftari ya kale katika kompyuta, mstari kwa mstari, kutoka hati za mkono za watu waliokuwa wakiandika kwa kalamu ya wino na kwa haraka. Marehemu mama aliponiuliza kwa simu nafanya nini huko, nikamjibu kwamba nafanya ukarani wa mawe. Hakucheka.

Watu hudhani kwamba jiwe haliozi. Linaoza, tena vibaya. Visukuku vingi vya pwani za Uingereza vina ndani yake madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Unyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 60, madini hayo huanza kuungana na oksijeni, yakatoa unga hafifu pamoja na asidi kali. Asidi hiyo hula mfupa, kisha hula kikaratasi chake, kisha hula droo. Mara nyingi harufu ya kiberiti hukupokea ufunguapo kabati, kabla jicho halijaona kitu. Tiba yake ni hewa kavu, makasha yanayofungwa barabara pamoja na chembe za kunyonya unyevu, na zaidi ya yote macho ya mtu anayepita kukagua bila ya kuchoka.

Hata kabati lenyewe laweza kuwa adui. Wazee wa karne ya 19 walipenda makabati ya mti wa mwaloni, na kwa hakika ni mazuri kuyatazama. Lakini mbao hizo hutoa mvuke wa asidi iliyo jamaa ya siki, na mvuke huo huyala makombe na kauri hata yakafanya ukungu mweupe na kumomonyoka. Kadhalika kuna suala la gundi. Huunga mfupa uliovunjika kwa gundi inayoyeyuka tena kwa asetoni, ili atakayekuja nyuma yangu, mwenye elimu kunizidi, aweze kuifuta kazi yangu na kuianza upya. Nijuavyo mimi, ni kazi chache ambazo fundi hutakiwa tangu siku ya kwanza afanye kitu kwa namna itakayomwezesha mwenzake kukifumua.

Sasa, faida yake ni nini? Nitatoa mifano miwili ya nyumbani. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Cambridge, Rex Parrington, alikusanya mifupa katika bonde la Ruhuhu, karibu na Ziwa Nyasa. Miongoni mwake mlikuwamo mfupa wa mkono wa juu na vipande vya uti wa mgongo, ambavyo sasa vimo katika makumbusho ya London. Mwanafunzi wake Alan Charig aliichunguza katika miaka ya 1950, na akafariki mwaka 1997 kabla ya jina la mnyama huyo kutolewa rasmi. Mwishoni mwa mwaka 2012 wataalamu wengine waliifungua tena mifupa ileile wakatoa jina, Nyasasaurus parringtoni, na jina la marehemu Charig likawekwa pamoja na ya waandishi. Umri wake ni takriban miaka milioni 243. Ama ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote tuliowajua, ama ni jamaa wa karibu mno wa dinosaria. Kwa muda wa miaka 80 mifupa hiyo ilikaa kabatini ikimngoja mtu wa kuielewa, na katika muda wote huo kulikuwa na watu wa kazi yangu, ambao hakuna awajuaye kwa jina, waliohakikisha kwamba mfupa na kikaratasi chake havitengani.

Mfano wa pili uko Nairobi. Mwaka 2019 alitangazwa mnyama mla nyama wa miaka milioni 22 hivi, mkubwa kumzidi simba yeyote wa leo. Taya lake lilichimbwa Meswa Bridge, magharibi ya Kenya, na kwa miongo kadhaa likahifadhiwa katika droo ya Makumbusho ya Taifa. Wataalamu wakamwita Simbakubwa kutokaafrika. Si simba hata kidogo, na sarufi ya jina hilo ingempa mwalimu wetu wa Kiswahili homa, lakini nililifurahia.

Na asije mtu akatuambia kwamba Afrika haiwezi kutunza vitu hivi. Nairobi ni miongoni mwa hazina kubwa za dunia kwa visukuku vya asili ya binadamu. Fuvu maarufu lililopatikana Olduvai mwaka 1959 lilipelekwa Kenya, likarudishwa Tanzania mwaka 1965, likawekwa katika makumbusho ya Dar es Salaam.

Nimeyasema hayo kwa sababu siwezi kusimama mbele ya watu wa Lindi nisiitaje Tendaguru. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba katika kilima hicho wakapata zaidi ya tani 200 za mifupa. Mifupa hiyo ilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, kisha ikapakiwa kwenda Berlin. Mwaka 1937 mmoja wa wanyama hao alisimamishwa mzima katika makumbusho ya huko, na kwa jinsi anavyosimama leo urefu wake kwenda juu wapita mita 13. Waingereza nao walichimba papo hapo kuanzia mwaka 1924 hadi 1931, na mifupa yao iko London. Kwa miaka mingi wageni waliozitazama kazi hizo waliyasoma majina ya Janensch na Hennig. Aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, hakupewa heshima hiyo hadi mwaka 2007, alipoitwa kwa jina lake dinosaria mmoja wa Tendaguru, Australodocus bohetii. Huyo ni mtu mmoja kati ya mamia waliofanya kazi pale.

Bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba babake alibeba "mijusi ya Wajerumani" hadi Lindi. Nimeitafuta habari yake katika kila karatasi niliyopata kufunguliwa na bado sijakutana na jina lake. Kama yuko mzee hapa anayejua zaidi, jina kamili, mtaa, au hata jina la mnyapara wake, namwomba anione kabla hatujatawanyika. Ama kuhusu mifupa yenyewe, iwapo irudi au ibaki, rai yangu ni kwamba anayedai hana budi ajue kwa hesabu na kwa namba anachokidai. Orodha hizo husomwa na watu wa fani hii, na ningependa baadhi yao wawe watu wetu.

Nageukia vijana. Njia ya kuingia huanzia kwa shahada ya jiolojia au biolojia, na wengi huongeza elimu ya makumbusho. Chuo Kikuu cha Leicester kilianza kuifundisha elimu hiyo mwaka 1966, na wengine wenu mnaishi mwendo mfupi kutoka hapo. Walioko Uingereza wajiunge na Geological Curators' Group, chama kilichoundwa mwaka 1974. Walioko Kanada na Marekani wana chama chao cha kutunza makusanyo ya asilia, kilichoanzishwa mwaka 1985. Lakini mlango halisi ni mikono. Hakuna atakayekukabidhi mfupa wa miaka milioni 150 kwa sababu ya cheti tu. Atataka kujua kwamba umewahi kukaa miezi kadhaa ukifunga, ukipima, ukiandika na kuhamisha makasha bila ya kuchanganya vikaratasi.

Na hapo ndipo penye kikwazo, kwani miezi hiyo aghalabu hailipwi. Mtoto wa mwenye nacho hujitolea akalala kwao na kula kwao. Mtoto wa dereva wa teksi hawezi. Mimi mwenyewe niliweza kwa sababu ami yangu, Mungu amrehemu, alinipa chumba cha juu ya duka lake na hakunidai kodi. Sitawadanganya pia kuhusu mshahara: nafasi ni chache, nilipitia mikataba mitatu ya muda kabla ya kuajiriwa moja kwa moja, na mwenzangu niliyesoma naye akageukia uhasibu anapata zaidi ya maradufu ya ninachopata. Mzazi anayesema kwamba hakuvuka bahari ili mwanawe apanguse vumbi la mifupa ana haki ya kusema hivyo. Mimi namjibu kwa adabu kwamba miaka 31 ya kazi hii imenisomeshea watoto wawili, na kwamba sijaamka asubuhi hata moja nikiona uzito wa kwenda kazini. Sidhani wahasibu wetu wote waweza kusema hivyo, na naomba radhi kwa Mweka Hazina.

Kanuni za Mfuko wetu wa Elimu zinataja udaktari, uhandisi, sheria na uhasibu peke yake. Wamo humu ukumbini vijana wawili waliokwisha kunijia kwa siri wakitaka njia hii, na mmoja wao amepata nafasi ya miezi sita isiyo na malipo ambayo lazima aijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Naomba kanuni hiyo ipanuliwe ihusu kazi za makumbusho, nyaraka na maktaba, na Mfuko uwe na uwezo wa kulipia nauli na malazi kwa muda usiozidi miezi sita kwa kijana aliyekubaliwa. Hesabu yake nimeifanya. Ni pungufu ya ada ya muhula mmoja tunayowalipia wanafunzi wa udaktari.

Pendekezo hilo ni la ukurasa mmoja na liko mezani kwa Katibu, karibu na mlango. Kwa mujibu wa katiba yetu lahitaji saini kumi ili lijadiliwe kesho asubuhi, kabla ya uchaguzi. Nilipopanda hapa zilikuwapo sita. Kalamu nimeifunga kwa uzi papo hapo.