Feza ya raia, masharti ya raia



Mwisho wa 2008, General Motors na Chrysler, viwanda vya gari vya Marekani, vilikuwa karibu kuanguka. Bush akavikopesha dola miliardi 17,4. Wengine walisema: viache vife. Siye tunasema hapana. Si mufanyakazi njo aliharibu hesabu. Mwaka ule ule bei ya shaba ilianguka, na huku kwetu Katanga watu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Nani aliwaokoa?

Lakini feza ya raia haitoke bule. Mu 2009 Obama aliongeza feza, ila mukubwa wa General Motors akaombwa kuondoka, serikali ikachukua karibu asilimia 60 ya hisa.

Njo vile tunataka na hapa: kampuni ikisaidiwa, hesabu zikuwe wazi, kazi zilindwe. Bila ile, hata franga moja!