Nani Atampisha Mlangoni?

Dominika ya 7 ya Mwaka B (Mk 2:1-12)



Wapendwa wasikilizaji, yule mwenye kupooza wa Kafarnaumu hakuzuiwa na maradhi yake peke yake. Alizuiwa pia na umati uliojaa mlangoni, wala hakuna aliyempisha. Ikawalazimu wachukuzi wanne kutoboa dari. Yesu akamwondolea dhambi, akamwinua, kisha akamwagiza aende nyumbani kwake.

Tumfikirie sasa ndugu aliyemaliza kifungo, naye anatembea kwa magongo. Anashuka kwenye basi, hati ya kuachiliwa i mfukoni. Kumbe shamba lake limekwisha kugawanywa, na katika jumuiya watu wananyamaza aingiapo. Amepewa majina mawili, mfungwa na kilema. Jina lake la ubatizo limesahauliwa.

Wapo wanaonong'ona kwamba ulemavu huo ni malipo ya makosa yake. Tusiseme hivyo. Wanafunzi walipouliza ni dhambi ya nani iliyosababisha mtu azaliwe kipofu, Yesu alikataa kwamba ni yake au ya wazazi wake (Yn 9).

Sheria nayo haiko kimya. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mkataba huo unadai kwamba hata kifungoni mtu mwenye ulemavu afanyiwe marekebisho yanayofaa hali yake, na unatambua haki yake ya kuishi katika jamii pamoja na wenzake. Sheria ya mwaka 2010 inakataza kumbagua, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 3 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu.

Lakini sheria haiwezi kumkaribisha mtu mezani. Hapo wanahitajika wachukuzi wanne. Katekista, watafute katika jumuiya yako: mmoja amtembelee, wa pili amsindikize kwa mtendaji wa kijiji kwa ajili ya shamba lake, wa tatu amtafutie kazi aiwezayo, wa nne amwandalie kiti kwenye sala. Na kama yuko aliyedhulumiwa naye, huyo pia asikilizwe, maana upatanisho haulazimishwi.

Kila mmoja wetu ajiulize leo: mimi ni mchukuzi, au ni mmoja wa wale walioziba mlango?

Mungu atujalie moyo wa kupisha. Amina.