Safari ya Rais na Mizigo ya Wapagazi

Wasikilizaji, neno "safari" lina asili ya Kiarabu. Lilikaa katika Kiswahili kwa karne nyingi, kisha likatoka katika Kiswahili likaingia katika Kiingereza, na leo linajulikana duniani kote. Miongoni mwa watu waliolieneza neno hilo ni Bwana Theodore Roosevelt wa Marekani, kwa safari yake ya mwaka 1909. Mazungumzo haya yahusu mwendo wake mrefu hata kufika, siku zake za kwanza nyikani, na watu ambao bila wao asingalikwenda popote.

Bwana Roosevelt aliacha kiti cha Urais tarehe 4 Machi 1909. Hazikutimia wiki tatu, naye alikuwa melini akitoka New York, tarehe 23 Machi. Alifuatana na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19, pamoja na wataalamu watatu wa elimu ya viumbe. Kwa maana shabaha ya safari ilikuwa kukusanya wanyama kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya Smithsonian katika mji wa Washington. Walivuka bahari ya Atlantiki mpaka Naples, Italia. Hapo wakabadili meli, wakaingia Admiral, meli ya Kijerumani, wakapita Mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu. Walitia nanga Mombasa tarehe 21 Aprili, na mvua ilikuwa ikinyesha. Karibu mwezi mzima ulikuwa umepita.

Kutoka Mombasa wageni walipanda gari la moshi. Reli hiyo ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Hapo Tsavo, mwaka 1898, simba wawili walikuwa wameua wajenzi wengi hata kazi ikasimama. Bwana Roosevelt hakutaka kukaa ndani ya behewa tu. Aliketi juu ya kiti kilichowekwa mbele kabisa ya injini, pamoja na Bwana Frederick Jackson, Kaimu Gavana, ili aone nchi vizuri. Naye aliona punda milia, kongoni na twiga wakiwa huru pande zote mbili za reli.

Waliteremka Kapiti, kituo kidogo katikati ya mbuga tupu. Huko safari yenyewe ilikuwa ikingoja: mahema yamepangwa kwa safu, na bendera kubwa ya Marekani ikipepea mbele ya hema la Bwana Roosevelt. Wapagazi walikuwa zaidi ya 200. Palikuwa na Waswahili wa pwani, Wanyamwezi, na watu wa makabila mengine ya bara. Pamoja nao walikuwapo wanyapara, askari, wachukuzi wa bunduki, wapishi, watumishi wa mahema na watunza farasi. Wakuu wa msafara walikuwa wawindaji wawili wenye ujuzi, Bwana Cuninghame na Bwana Tarlton.

Sasa yafaa kuitazama mizigo. Desturi ya safari za siku hizo ilikuwa mpagazi mmoja achukue ratili 60, mbali na blanketi lake, sufuria yake na posho yake. Bwana Roosevelt alikuja na chumvi tani 4 kwa kuhifadhi ngozi. Chumvi hiyo pekee, ikigawanywa kwa ratili 60, ni mizigo zaidi ya 130. Alikuja pia na vitabu vipatavyo 60 vyenye majalada ya ngozi ya nguruwe, ndani ya sanduku moja. Na sanduku hilo likawa mzigo wa mtu mmoja.

Siku za kwanza za safari yo yote ndizo ngumu. Mabega hayajazoea, kamba hazijakazwa sawasawa, na kila mtu hutafuta mzigo ulio mwepesi. Hapo ndipo mnyapara hupimwa: akigawa kwa upendeleo, ugomvi huanza kabla ya jua kupanda, akigawa kwa haki, watu huimba njiani. Tena mwindaji akirudi na mnyama jioni, ni kazi mpya. Ngozi haina budi kuchunwa na kutiwa chumvi upesi, kabla joto halijaiharibu, na kesho yake ni mzigo juu ya kichwa cha mtu. Kutoka Kapiti msafara ulikwenda Kitanga, kwenye shamba la Sir Alfred Pease, na huko Bwana Roosevelt akawinda simba kwa mara ya kwanza.

Safari ilikwisha Khartoum mwezi wa Machi 1910. Bwana Roosevelt na mwanawe walikuwa wameua wanyama 512, na viumbe vyote vilivyokusanywa, wakubwa na wadogo, pamoja na mimea, vilipita 11,000. Mengi yamebadilika tangu hapo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mgeni wa leo huja kwa ndege, akarudi na picha. Tangu mwaka 2017 reli mpya humchukua mtu kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa muda wa saa tano au sita.

Hata hivyo jambo moja halikubadilika. Jina la mgeni huandikwa vitabuni, lakini safari husimama juu ya mabega ya wenyeji: dereva aijuaye njia, mpishi aamkaye alfajiri, kiongozi aonaye nyayo pale mgeni aonapo majani tu. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye kusoma habari za Rais yule juu ya kiti cha injini, na amkumbuke pia mtu aliyetembea nyuma yake na sanduku la vitabu kichwani, vitabu ambavyo hakupewa kuvisoma.