Unaumwa Nini? Kapime Kwanza!

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari. Yamefupishwa kidogo.)

Nianze na swali. Umeamka asubuhi, kichwa kinauma, mwili wa moto, viungo vimelegea kama umelima shamba zima. Unaumwa nini?

Najua jibu. Karibu kila shule ninayokwenda jibu ni hilohilo, tena linatoka kwa pamoja kama kwaya: "Malaria!" Nikiuliza utafanya nini sasa, wachache wanasema watakwenda zahanati. Wengi wanasema watatuma mtu duka la dawa, au kuna mwenzao bwenini ana vidonge vilivyobaki mwezi uliopita. Haya. Leo tuvizungumzie hivyo vidonge vilivyobaki.

Homa si jina la ugonjwa. Homa ni kama mbwa anayebweka usiku: anakwambia kuna kitu uani, hakwambii kama ni mwizi au ni paka wa jirani. Malaria inaleta homa. Nimonia inaleta homa. Taifodi, mafua makali na maambukizi ya njia ya mkojo, vyote vinaweza kuleta homa. Mwaka 2014, na tena mwaka 2019, Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi, na mwanzo wa dengi unafanana na malaria kiasi kwamba kwa macho tu huwezi kutofautisha. Dawa mseto ya malaria haifanyi lolote kwa dengi. Tena mwenye dengi akimeza aspirini au diklofenaki kutuliza maumivu, hatari ya kuvuja damu inaongezeka. Umeona? Kidonge alichokupa rafiki kwa upendo kabisa kinaweza kukuumiza.

Ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, mkubwa kwa mdogo. Kabla ya hapo mtoto mwenye homa katika maeneo yenye malaria nyingi alipewa dawa moja kwa moja.

Sasa wanapimaje? Kuna njia mbili utakazokutana nazo.

Ya kwanza ni darubini. Mtaalamu wa maabara anakuchoma kidole, anaweka tone la damu juu ya kioo, analikausha, analipaka rangi iitwayo Giemsa, kisha anatazama. Rangi hiyo ndiyo inayoviumbua vimelea. Uzuri wa darubini ni kwamba anaviona vimelea vyenyewe, anavihesabu, na baada ya dawa anaweza kutazama tena kama vimekwisha. Ubaya wake ni kwamba inataka rangi safi, mwanga mzuri na jicho lisilochoka. Foleni ikiwa ndefu na mtaalamu ni mmoja, jicho linachoka, yeye naye ni binadamu.

Ya pili ni kile kipimo cha haraka, kijiplastiki chenye kidirisha. Damu kidogo inawekwa mahali pake, na matone ya maji yake maalumu mahali pake, halafu mnasubiri dakika 15 mpaka 20. Hapa hakuna anayeona kimelea. Kinachotafutwa ni protini ambayo kimelea cha malaria huiachia kwenye damu. Ikiwepo, mstari unajitokeza penye herufi T. Mstari wa herufi C kazi yake ni kukihakiki kipimo chenyewe. Usipotokea, kipimo hicho hakifai hata kama mstari wa T umetokea, na lazima kirudiwe. Hilo unaweza kulitazama wewe mwenyewe, na kuuliza si utovu wa adabu.

Hapa sasa tegeni sikio. Ile protini haitoweki siku ileile vimelea vinapokufa. Inaweza kubaki mwilini kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo umetibiwa malaria, umepona, baada ya wiki 2 umepata mafua, ukipimwa kwa kipimo hiki kinaweza kuonyesha malaria. Kimedanganya? Hapana. Kimeulizwa, "Protini ipo?" Kimejibu, "Ipo." Hakikuulizwa kama vimelea bado viko hai. Basi mwambie daktari kwamba ulimeza dawa mseto siku za karibuni, ili akupeleke kwenye darubini. Kila kipimo kinajibu swali lake tu, wala hakijui maswali mengine uliyo nayo kichwani.

Na taifodi je? Wangapi mmewahi kuambiwa mna "malaria na taifodi" kwa mpigo? Mikono mingi! Mara nyingi jibu hilo la taifodi linatokana na kipimo cha Widal. Kipimo hiki hakitafuti bakteria wa taifodi, kinatafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupigana naye. Shida ni kwamba askari hao wanaweza kubaki baada ya ugonjwa wa zamani, na wengine hutengenezwa kwa ajili ya vijidudu vingine vinavyofanana naye. Kwa hiyo kipimo kimoja cha Widal ni ushahidi dhaifu. Ushahidi mzuri ni kuotesha damu maabara na kuona kama bakteria mwenyewe anaota, kazi inayochukua siku kadhaa na haifanyiki kila mahali. Mimi sisemi umkatalie daktari dawa. Nasema unaweza kumwuliza kwa heshima, "Daktari, mmetumia kipimo gani?" Antibiotiki zinazomezwa bila sababu ndizo zinazowafundisha bakteria ukaidi, na siku tutakapozihitaji kweli zitashindwa.

Tuje kwenye kikohozi. Huku ndiko ninakotaka tukae zaidi, hasa ninyi wa bweni.

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, usingoje likizo. Inawezekana ni kitu kidogo tu, lakini inawezekana ni kifua kikuu. Kifua kikuu kinasafiri kwa hewa. Hakisafiri kwa kijiko, kikombe wala shuka, kwa hiyo kumtenga mwenzenu sahani yake ni kumwonea bure huku madirisha ya bweni mmeyafunga usiku kucha. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch aliwatangazia wanasayansi kwamba amemgundua bakteria anayesababisha ugonjwa huu. Mpaka hapo wengi waliamini kifua kikuu ni cha kurithi katika ukoo. Kuna watu, hata leo, wanaosema hivyohivyo. Nadhani taarifa za mwaka 1882 bado ziko njiani.

Miaka 13 baadaye, tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Röntgen wa Würzburg, Ujerumani, aligundua mionzi asiyoijua, akaiita kwa herufi X. Desemba hiyohiyo aliupiga picha mkono wa mke wake, mifupa ikaonekana na pete yake kidoleni. Hiyo ndiyo eksirei. Kalsiamu ya mfupa inazuia mionzi, basi mfupa unatoka mweupe. Mapafu yamejaa hewa, mionzi inapita, basi yanatoka meusi. Pafu likiwa na ugonjwa, hapo penye weusi panatokea wingu jeupe.

Wengi wakiambiwa "kapige picha" wanaamini picha ndiyo neno la mwisho. Sivyo. Wingu jeupe linaweza kuwa kifua kikuu, nimonia, au kovu la ugonjwa uliopona zamani. Eksirei inajua kusema, "Hapa pana kitu." Jina la hicho kitu mara nyingi limo kwenye makohozi.

Makohozi nayo yana njia zake. Kwa darubini, mtaalamu anayapaka rangi na kuwatafuta bakteria kwa macho. Lakini ili waonekane, panatakiwa wawepo kama 5,000 mpaka 10,000 katika mililita moja. Mwenye ugonjwa unaoanza anaweza kuwa nao pungufu, akaambiwa hana kitu, akarudi bwenini akiendelea kukohoa. Siku hizi ipo mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha mwaka 2010. Hiyo inatafuta vinasaba vya bakteria, inatoa jibu chini ya saa 2, na inaonyesha pia kama bakteria huyo ni sugu kwa rifampisini, dawa kubwa ya kifua kikuu. Na Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku wamefundishwa kunusa makohozi ya wagonjwa. Msicheke! Panya mmoja hunusa sampuli 100 kwa kama dakika 20. Sampuli wanayoishuku inarudishwa maabara kuhakikiwa, kwa sababu panya hatoi cheti.

Kwetu Tanzania kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa miezi 6, na mtu anapona.

Kuhusu hofu ya mionzi: eksirei moja ya kifua inakupa mionzi inayokaribia ile unayoipata ardhini na angani kwa siku 10 hivi za maisha ya kawaida. Ila dada zangu, kama kuna uwezekano wowote wa ujauzito, mwambie mpiga picha kabla, hata kama unaona aibu. Yeye hakuulizi ili akuhukumu. Altrasaundi ni kitu kingine, inatumia mawimbi ya sauti na haina mionzi hiyo.

Kuna hofu nyingine ambayo hamuisemi darasani, mnaniandikia kwenye vikaratasi: "Nikitoa damu, si watanipima na UKIMWI kimyakimya?" Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 inataka ridhaa yako kabla ya kipimo cha VVU, na marekebisho ya mwaka 2019 yamemruhusu kijana wa miaka 15 kuridhia mwenyewe. Majibu ni siri. Na ukipima, kumbuka kipindi cha mwanzo baada ya maambukizi, ambapo kipimo kinaweza kisione kitu. Ukiambiwa urudi baada ya muda fulani, rudi.

Nimalizie na sampuli, maana kipimo kizuri hakiwezi kuokoa sampuli mbaya.

Makohozi si mate. Sukutua mdomo kwa maji, toka nje penye hewa mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara 2, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Ukipeleka mate, utapata jibu la mate.

Mkojo wa kipimo cha kichocho una saa zake. Mayai ya kichocho cha kibofu hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri unaweza usionyeshe kitu. Na wavulana, mnaoga ziwani na bwawani, halafu mkiona damu kwenye mkojo mnaambiana eti ni dalili ya kukua. Si kukua huko, ni mayai ya mnyoo yanachana kibofu. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli.

Na kabla hujaondoka dirishani, tazama jina lako limeandikwa wapi. Liwe kwenye kikopo, si kwenye kifuniko. Vifuniko hufunguliwa vikawekwa pamoja mezani, na vyote vinafanana.