Chagua Mtaa Kwanza, Nyumba Baadaye

(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimetakiwa niseme machache juu ya mtumishi kujiwekea akiba kwa nyumba za kupangisha. Zamani jambo hili lisingesemwa hadharani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa. Masharti ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Leo tunaruhusiwa, lakini ruhusa si kinga ya hasara. Kiinua mgongo hulipwa mara moja. Kikizama, hakuna cha pili.

Neno langu ni moja: chagua mtaa kwanza. Paa bovu hubadilishwa, mtaa haubadilishwi. Nitatoa mifano ya Dar es Salaam, ambako nimekuwa mpangaji katika mitaa mitatu kabla sijawa mwenye nyumba.

Kwanza ni maji ya mvua. Usiende kuangalia nyumba mwezi wa Agosti, ukaukuta mtaa mkavu ukafurahi. Nenda Aprili, masika yamekolea. Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilifurika, watu wakafa, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Dalali hatakueleza habari hizo. Tazama alama ya maji ukutani, kisha muulize mama muuza vitumbua wa jirani.

Pili ni barabara. Tangu mwaka 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni, mpangaji anayefanya kazi mjini huuliza kwanza umbali wa kituo. Lakini barabara iletayo wapangaji ndiyo hiyo hiyo ivunjayo nyumba. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Basi kaa karibu na barabara, usikae ndani yake. Kabla ya kutoa hata senti, nenda ofisi ya ardhi ukakague hati na ramani ya mipango miji. Karatasi yenye mhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi wa mauzo. Haigeuki kuwa hati.

Tatu, mjue mpangaji wako. Changanyikeni, jirani na Chuo Kikuu, mwanafunzi anatafuta chumba kimoja cha bei nafuu. Ukimjengea jumba la vyumba vinne, litabaki tupu. Mwenye watoto anatafuta shule, zahanati na bomba lenye maji. Tembea mtaani usiku, uone kama binti aliyetoka kazini anaweza kufika nyumbani kwa amani. Mtaa usioweza kulala mwanao, usimpangishe mtoto wa mwenzio.

Nne, piga hesabu. Tuseme nyumba ya shilingi milioni 60 inapangishwa kwa 300,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 3.6, fedha yako itarudi baada ya miaka 16 na zaidi. Nyingine, katika mtaa usio na sifa kubwa, ni milioni 40, na kodi yake ni 250,000. Hiyo hurudisha fedha kwa miaka 13 na kidogo. Toa miezi ya kukaa tupu, matengenezo na kodi ya serikali. Ukistaafu na miaka 60, tofauti hiyo ni kubwa sana. Wahenga walisema nyumba njema si mlango.

Vijana, msidhani haya ni ya wazee. Somo la jiografia mnalofundishwa hapa, la bonde na mkondo wa maji, ndilo litakalowaokoa siku mtakapooneshwa kiwanja cha bei rahisi. Lishikeni.